Ijumaa Niliyotaja Korongo la Faru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitembeacho juu ya ardhi, mwenye pembe na asiye na pembe, akakipangia riziki yake na siku yake. Namshukuru kwa macho aliyonibakizia na kwa mkono ambao bado unashika kalamu. Namshukuru zaidi kwa kuwa amenisitiri makosa yangu mengi, akaniachia moja nilisimulie mwenyewe kabla sijaitwa kwenda kulijibu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Nilikuwa mwalimu wa Kurani pale Kimamba. Baba yangu alitoka Unyamwezi akiwa kijana, akaja kukata mkonge, akaoa, akazikwa nyuma ya kambi za zamani pamoja na wenzake waliotoka kila upande wa nchi. Aliniachia msahafu wake, na kipande cha pembe ya faru kisichozidi kidole cha kati. Kilifungwa kitambaa cheusi, kikawekwa ndani ya kopo la majani ya chai.

Ile pembe ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Mtu akiugua, nilimwandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha sahani inaoshwa kwa maji na mgonjwa anayanywa. Hivyo ndivyo wanavyofanya walimu wengi. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu mrefu, au mtoto akichemka homa isiyoshuka, baba alikuwa akiisugua pembe kidogo juu ya jiwe lenye maji, na ule unga mweupe akauchanganya kwenye kombe. Nami nikafuata. Watu walikuja kutoka Kilosa mjini, wengine kutoka njia ya Berega, wakiomba si kombe tu bali "kombe la pembe". Waliopona walinisifu. Ambao hawakupona, tulisema siku zao zilikuwa zimefika. Sikuwahi kujiuliza pembe ile ilitoka katika uso gani.

Hayo yalikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sukari na sabuni zilirudi madukani, mitumba ikamwagwa chini kwenye magulio, na barabara ya kwenda Iringa ikajaa malori usiku na mchana. Huku kwetu mkonge ulikuwa unakufa. Mashine zilinyamaza moja moja, na wanaume waliokuwa wakiamshwa na king'ora cha shamba wakabaki wamekaa vibarazani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa mmoja wao. Alikuwa Mvidunda, mtu wa milima iliyo juu ya Mikumi, na kabla ya mkonge baba zake walikuwa wawindaji. Aliposimamishwa kazi alihamia Mikumi na dada yangu, akafungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara. Tairi zilizokwisha kabisa alizikata viatu. Mimi mwenyewe nilivaa jozi aliyonikatia, kutoka tairi moja la lori la kigeni lenye meno ya kukunjana kama mawimbi. Alisema hajawahi kuona tairi jingine la namna ile, na kwa hiyo mashemeji wawili tu duniani tumevaa viatu hivyo.

Alikuwa mtani. Kila nikifika Mikumi alinipokea kwa sauti ambayo madereva wote waliisikia:

"Karibu shemeji! Leo umeleta dua au umeleta njaa?"

"Nimeleta zote mbili. Dua ni yako, njaa ni yangu."

"Basi kaa. Dada yako anapika njaa kila siku, leo utaikuta tayari."

Na dada yangu, kutoka ndani: "Shikamoo kaka. Usimsikilize huyo."

Mwaka mmoja, baada ya masika, alinitembelea bwana nyama. Ndivyo tulivyomwita mkubwa wa askari wa wanyamapori wa upande ule. Alikuwa Mkristo kutoka kanda ya ziwa, kijana kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye heshima. Aliniamkia kwanza, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, tukanywa chai.

"Maalim," alisema, "zamani faru walikuwa wakionekana hifadhini. Dereva angekuhadithia kama anavyohadithia tembo. Sasa askari wangu wanatembea mwezi mzima hawaoni hata kinyesi. Wamemalizwa. Masika haya wameona nyayo za mmoja tu. Mmoja, maalim."

Nikamuuliza wameziona wapi. Akanitajia korongo. Hakuninong'oneza wala hakuniapisha. Tulikuwa watu wazima wawili tunakunywa chai.

Alikuwa na maombi mawili. Kwanza, niseme na watu Ijumaa, maana yeye akisema wanasikia serikali, mimi nikisema wanasikia dini. Pili, nitangaze kwamba aliye na pembe ya zamani nyumbani aipeleke ofisini kabla mwezi haujaisha, hataulizwa. Nikakubali yote. Kopo la majani ya chai lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya mgongo wake. Nilijipa fatwa moyoni papo hapo: hilo tangazo ni la wafanyabiashara, na yangu ni dawa.

Ijumaa iliyofuata nilialikwa kuzungumza Mikumi baada ya sala. Msikiti ulijaa hadi barazani, wenyeji, madereva, wasafiri waliosimamisha magari. Na hapa ndipo nilipokosea, kwa kosa ambalo pengine asingelifanya mtu asiyesoma chuo nilichosoma mimi.

Sisi tulifundishwa tangu utoto kwamba habari isiyo na wapokezi haishikwi. Ukisema jambo, useme umelisikia kwa nani, naye kwa nani, na lilitokea wapi. Mwalimu wangu alikuwa akimkatisha mtu katikati ya hadithi: "Nani kakwambia? Wapi?" Ukikosa jibu, hadithi yako imekufa. Basi nilipoona nyuso zinaanza kusinzia, na mzee mmoja akatikisa kichwa kama asemaye faru walishakwisha zamani, nikataka waamini. Nikasema: nimesikia kwa mkubwa wa askari mwenyewe, naye amesikia kwa askari wake walioona kwa macho, masika haya, katika korongo fulani. Nikalitaja kwa jina lake. Hapa silitaji, nimekwisha kulitaja mara moja na ilitosha.

Kisha, ili waone uzito wa jambo, nikawaeleza thamani. Nikasema huko ng'ambo pembe moja wanaipima kama wapimavyo dhahabu, na kwamba watu wanajenga nyumba za ghorofa kwa pua ya mnyama mmoja. Nilikuwa nimelisikia hilo redioni na lilinipendeza mdomoni. Mle msikitini hakusinzia tena mtu. Wote walinyanyua vichwa. Nami, Mungu anisamehe, nikadhani ni mawaidha yameingia.

Nje, wakati tunavaa viatu, shemeji alinipiga bega.

"Shemeji, leo umehubiri. Hata mimi nimetamani kuwa faru."

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia. Pembe ni ghorofa." Akacheka. "Na lile kopo lako la Kimamba, shemeji, lile ni chumba na sebule?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka, maana shemeji hakasirikiwi. Lakini nilipanda lori kurudi nikiliwaza lile kopo.

Jumatatu asubuhi watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, dada yangu akasimama mlangoni mwa madrasa. Hakuniamkia. Katika maisha yangu yote na yake haijawahi kutokea. Alikuwa na vumbi la lori hadi kwenye nyusi. Niliwaambia watoto waende nyumbani, wakaondoka kimya kimya bila furaha, hata wao waliona.

"Ameondoka," alisema. "Jana alfajiri."

Alinieleza akiwa amesimama. Jumamosi ilikuja gari, pikapu, pancha mbili kwa mara moja. Watu wawili wageni waliolala nyumba ya wageni kuanzia Alhamisi. Walikaa kwenye kibanda mpaka jioni ingawa pancha zilikwisha mapema. Waliuliza nani anazijua njia za korongo lile ambalo sheikh alilitaja. Hawakuwamo msikitini, walisikia nje, spika ilikuwa inafika mpaka kwenye migahawa.

"Nikamwambia usiende. Nikamwambia kaka amekataza, kakataza mbele za watu. Unajua kanijibu nini?"

Nilijua kabla hajasema.

"Kasema, kaka yako hajakataza pembe, kakataza ya wenzake. Yake iko kwenye kopo, anawanywesha watu. Ingekuwa haramu, angeisugua?"

Niliketi. Dada yangu akanitazama, akashusha sauti.

"Ana kisu na dumu la maji. Bunduki wanayo wao. Mimi nimesikia askari wakikuta bunduki porini hawaulizi. Kaka, nikienda kwao kusema, nitakuwa nimemwua kwa mdomo wangu. Nisipokwenda..." Hakumaliza.

Naandika haya miaka mingi baadaye na bado naisikia ile nafasi aliyoiacha. Nikienda kwa bwana nyama, nawapeleka askari wenye bunduki nyuma ya mume wa dada yangu. Nikinyamaza, askari wanaweza kumkuta bila kujua ni nani, na faru mmoja aliyebaki atakufa kwa neno langu. Nilisali rakaa mbili. Sikuomba dua ndefu. Sikuwa na uso wa kuomba. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikashusha kopo la majani ya chai, nikatia pembe mfukoni mwa kanzu.

Tulipata lori la mahindi hadi Kilosa, na jingine la mbao hadi Mikumi. Njia nzima dada yangu alishika ubao wa lori kwa mikono miwili. Kila nilipopeleka mkono mfukoni nilikuta ile pembe, imepata joto la mwili wangu kama kitu kilicho hai.

Bwana nyama alitukuta kwenye lango la kituo chake. Aliniamkia, maana alikuwa na adabu, lakini hakutukaribisha ndani.

"Maalim, mimi nilikueleza jambo tunakunywa chai," alisema. "Wewe umelipigia adhana."

"Nimekosa."

"Tangu Jumamosi vijana wangu wako porini kwa sababu yako. Mimi nina askari wachache, na wewe umelitangazia korongo barabara kuu yote ya kusini."

"Kuna mtu mmoja huko," nilisema. "Ni mume wa huyu." Nikamweleza yote, pikapu, wageni wawili, kisu na dumu. Alisikiliza akitazama chini. Aliponyanyua uso haukuwa wa hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi.

"Maalim, nisikudanganye. Wakikutana na bunduki hawaanzi na shikamoo. Wao pia wana watoto."

Dada yangu akakaa chini pale pale mchangani.

"Na kwa nini hakukusikia wewe?" bwana nyama aliniuliza. "Shemeji yako mwenyewe, umesema mbele yake, mbona hakukusikia?"

Nikatoa kitambaa cheusi, nikakifungua juu ya kiganja. Bwana nyama aliitazama ile pembe, upande mmoja umelika kwa kusuguliwa miaka mingi, ukang'aa.

"Ilikuwepo siku ile nilipokuja?"

"Ilikuwa nyuma ya mgongo wako."

Akaipokea, akaingia nayo ndani, nikasikia droo inafunguliwa na kufungwa. Aliporudi alisema, "Mwezi haujaisha, maalim. Sikuulizi." Kisha akamgeukia dada yangu: "Mama, nipe alama. Vijana wangu watamjuaje? Amevaa nini?"

"Kofia nyeupe," alisema dada yangu haraka. "Ya kazi ya mkono. Kaka alimpa sikukuu."

Mtoto wa wawindaji haingii porini na kitu cheupe kichwani. Kofia ile ilikuwa mfukoni mwake au ilikuwa nyumbani. Nilitaka kusema na sikuweza, maana dada yangu alikuwa ameishika ile kofia kama mtu ashikavyo kamba. Nikatazama chini ili asinione uso, na nilipotazama chini niliona miguu yangu mwenyewe.

"Bwana," nilisema, "njoo hapa."

Nikakanyaga mchanga laini karibu na lango, nikaondoa mguu polepole. Meno ya tairi yalitoka wazi, mawimbi yaliyokunjana, na katikati mfereji mmoja. Nikamwambia wamevaa wawili tu viatu hivyo, mimi na yeye, na cha kwake cha kushoto kimeshonewa kipande cha mpira wa ndani kwenye kisigino. Bwana nyama akachutama. Akamwita askari mzee mmoja, wakatazama pamoja, wakapima kwa kijiti. Kisha akaenda kwenye redio ya upepo, nikamsikia akiieleza ile nyayo kwa maneno, akirudia mara tatu: mawimbi, mfereji katikati, kisigino cha kushoto kina kiraka. Na mwisho akasema, "Mwenye nyayo hiyo hana bunduki. Narudia, hana bunduki. Namtaka akiwa hai."

Jibu lilikuwa mkwaruzo wa kelele kama mvua juu ya bati. Hakuna aliyejua kama wamesikia.

Kesho yake, Jumanne, tulikuwa pale langoni kabla jua halijapanda. Walitupa benchi. Askari mzee alikaa kando ya redio, na kila ilipokoroma dada yangu alisimama, na kila iliponyamaza aliketi. Saa nne hivi tulisikia neno moja, "nyayo", kisha kelele. Askari mzee akasema pengine wameipata ya kiatu. Dada yangu akauliza, au ya faru? Yule mzee akasogeza sikio kwenye redio. Magari yalipita barabarani na mizigo yake. Mwanamke mmoja akatuletea uji, tukaushika mikononi mpaka ukapoa.

Adhuhuri nilisali mchangani. Nilipotoa salamu niliona nyayo zangu mwenyewe zimezunguka pale pote, mbele ya lango, kwenye benchi, njia ya chooni, mamia ya mawimbi yaliyokunjana. Niliwaza: ikiwa yeye amekufa, basi hizi ndizo nyayo zake za mwisho, na ninazikanyaga mimi.

Baada ya saa tisa redio ikasema kwa sauti safi, kama mtu aliye chumba cha pili. "Tumempata mwenye kiraka. Amekaa. Yuko peke yake." Bwana nyama akashika kile kisemeo. "Hai?" Nilihesabu pumzi za dada yangu. "Hai. Analia."

Walimleta kwa Landrova ya askari kabla ya magharibi, mikono imefungwa mbele kwa kamba, kichwa wazi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Dada yangu alimwendea, akamzaba kofi moja la nguvu, kisha akamkumbatia kwa shingo, na askari wakageukia pembeni kwa adabu. Miguuni mwake, juu ya sakafu ya gari, palikuwa na fuvu. Sijapata kuona fuvu kubwa namna ile. Lilikuwa jeupe, na mahali pa pua palichongwa kwa shoka, alama za shoka zimeingia kwenye mfupa.

Shemeji alinitazama juu ya bega la dada yangu.

"Shemeji," alisema, sauti imekauka, "umetutangazia mzoga."

Alitueleza akiwa amekaa chini, na kikombe cha maji mikononi. Nyayo alizipata kweli, ndani ya tope lililokauka likawa gumu kama chungu. Zilikuwa za masika, askari hawakusema uongo. Alizifuata siku mbili, zikipotea kwenye mawe na kurudi. Wageni walifurahi, wakamwita mjomba, wakampa sigara. Jumanne asubuhi zikamfikisha kwenye kichaka, na ndani ya kichaka mifupa. Mtu mwingine alikuwa ametangulia, labda wiki chache tu baada ya askari kuziona zile nyayo. Fisi walikuwa wameshamaliza. Wageni walimtukana, wakasema amewapoteza makusudi, mmoja akamwekea bunduki kifuani. Kisha wakaona haina faida, wakachukua lile dumu la maji, wakaondoka. Hatukusikia tena habari zao.

"Mbona hukuondoka?" bwana nyama alimuuliza.

Shemeji akaweka kikombe chini. "Babu yangu alinionyesha faru nikiwa mdogo. Nilikimbia nikapanda mti, akanicheka mpaka akakaa chini. Nikataka kumwonyesha mwanangu. Nikawaza, nitamwonyesha nini? Miguu ikakataa."

Ndipo nilipoelewa kilichomwokoa. Hapakuwa na faru wa kupigwa, kwa hiyo hapakupigwa risasi, na kwa kuwa hapakupigwa risasi askari walimkaribia mtu aliyekaa, si mtu anayepigana. Dada yangu alirudishiwa mumewe kwa sababu mnyama yule alikuwa amekwisha kufa. Nilimshukuru Mungu kwa uhai wake, na shukrani ile hata leo sijui kuitenga na huzuni iliyokuja nayo.

Shemeji alipelekwa Kilosa, akakaa mahabusu majuma kadhaa, akawaeleza yote aliyoyajua kuhusu wale wageni, kisha akaachiwa kwa onyo. Mimi sikusubiri. Ijumaa ile ile niliomba tena nafasi Mikumi. Bwana nyama aliniazima fuvu, tukaliweka uwanjani juu ya gunia, si ndani ya msikiti.

Safari hii sikuwa na ufasaha. Nilisema: Ijumaa iliyopita niliwatajia mahali na nikawatajia bei, na kwa maneno hayo nusura nizike mtu wa nyumba yangu. Nilisema: nilitangaza pembe zirudishwe na yangu ilikuwa kwenye kopo. Nilisema kombe la pembe limekwisha kwangu, aliye na uchungu mrefu tutamsomea dua tukiwa njiani kwenda naye hospitali. Wengine waliinuka wakaondoka. Mzee mmoja, ambaye wajukuu zake wawili nilikuwa nimewasugulia pembe, alinitazama kama mtu niliyemwibia.

Lakini nje walikuja. Wanawake, wanafunzi, madereva, wakalizunguka lile gunia. Bibi mmoja alipima kwa kiganja chake kutoka tundu la jicho hadi mahali pa shoka, akapima tena.

"Kumbe alikuwa na uso wote huu," alisema, "na sisi miaka yote tunakunywa pua yake."

Kabla mwezi haujaisha, watu wanne walipeleka vipande ofisini, na mmoja alikuwa yule mzee.

Shemeji alipotoka aliichukua kazi ya kuwaonya watu kuliko mimi. Tulikwenda naye shuleni, kwenye magulio, mara moja hata kanisani kwa bwana nyama, ambako aliwaambia waumini kwamba shemeji yake ni sheikh hodari, ila asipewe siri wala spika. Mimi nilisema machache. Yeye alivua kiatu, akakanyaga vumbi, akawaonyesha watoto jinsi mtu anavyofuatwa kama mnyama, na uchungu wa kufuatwa. Kisha akachora kwa kijiti nyayo ya faru, vidole vitatu vipana, na kuwaambia waitazame vizuri, maana hawataikuta mahali pengine karibu na kwao.

Watoto huuliza. Wanasema, bado wapo wengine nchini? Nawaambia nasikia wapo, wachache, wanalindwa mchana na usiku. Wapi, maalim? Na hapo mimi niliyefundishwa kutaja msemaji na mahali nafunga mdomo. Nawaambia yuko anayewajua, na inatosha.

Shemeji amekwisha kutangulia mbele ya haki. Viatu vyangu vya tairi ninavyo bado, meno yamelika, na nikitoka kwenda kusali alfajiri vinaacha mawimbi hafifu mchangani, ya mtu mmoja.

Nawe uliyefika hapa, Mwenyezi Mungu akulinde ulimi kama anavyokulinda jicho. Akupe ya kusema na akupe ya kunyamazia, akubakizie watu wako wakiwa hai, na awabakizie watoto wako viumbe alivyoviumba, wavione kwa macho yao, wakimbie, wacheke. Amina.